Pumba za Kijani

"Jiwe haiotake manyoya, Maman Christiane," alisema Cyrille, daktari wa mifugo, akiutoa mkono wake ndani ya pipa la pumba za nguruwe. Vidole vilivaa utando wa kijani.

Christiane alitaka kucheka. Mtaa mzima wa Shituru ni kijani kwa vumbi la shaba. Magunia ya pumba yote yalikuwa yamebeba kwanza mawe ya shaba kutoka mgodi wa Kamatanda. Sasa anayeogopa vumbi la shaba atahamia wapi? Pipa lilipoanza kugeuka rangi alikwangua juu, akakoroga, akalisha. Pumba zilichachuka vizuri, zikanukia. Lakini tangu jana nguruwe wake jike mkubwa alikuwa amelala ubavu, na watoto sita walitoka kabla ya siku zao, wote wamekufa.

"Miye nilizani ni vumbi ya majiwe," alisema.

"Ni kuvu. Ukikwangua juu, sumu iko mpaka chini. Mwaga yote." Cyrille alinawa mikono. "Nani mwingine alikula hii?"

Wiki tatu sasa, kila asubuhi, Christiane alikuwa akimpelekea jirani yake Mayimuna ndoo moja ya pumba hizo.

"Mbuzi ya Mayimuna," alisema. "Ile ya kukamua."

"Basi sumu inapita mu maziba. Hata achemshe, haitoke."

Angeweza kunyamaza kuhusu maziwa hayo. Mbuzi hasemi, na Mayimuna asingejua kamwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema, na kusema ni rahisi kwa asiye na jirani wa kumtazama usoni. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alivuka reli kwenda kwa Mayimuna hivyo hivyo, bila kubadili kitenge.

Mayimuna alikuwa uani na mjukuu wake Fatou, midomo ya mtoto myeupe kwa maziwa.

"Karibu, mama ya pumba! Leo ndoo iko wapi?"

"Dada, usimupe mutoto ile maziba." Akaeleza yote, nguruwe, kuvu, maneno ya Cyrille.

Mayimuna alimtazama. "Na weye uliona ile rangi?"

"Niliona. Nilikwangua tu."

Mayimuna alimnyang'anya Fatou kikombe, akamwaga, kisha akamwaga na sufuria yote. Mtoto akaangua kilio.

Kuku wakakimbilia ule weupe uliosambaa chini. "Shii!" Mayimuna akawafukuza kwa kanga upande wake, Christiane akawafukuza upande wa pili. Hawakutazamana. Kuku walirudi, wakafukuzwa tena, na wanawake wale wawili wakabaki wamesimama huku na huku, wakingoja ardhi imalize kunywa.