Magadi ya Kukaanga

Wapo watu wanaocheka kwa mdomo, na yupo mama wa binti mmoja mpiga picha, mama ambaye hucheka kwa kiganja. Tangu jino lake la mbele ling'oke, kiganja hupanda mdomoni kabla kicheko hakijafika. Albamu nzima ya familia imejaa mama aliyebana midomo kana kwamba kalambishwa ndimu. Sasa juzi alikuwa kabeba beseni la nguo mbichi, mikono yote miwili ina kazi, paka akateleza kwenye povu la sabuni. Mama akaangua kicheko, na binti yake, kamera shingoni, akamnasa.

Ugomvi uliozuka hapo, we acha tu. Mwishowe wakapatana. Mama anarudi kwake leo jioni. Picha ikitoka kabla hajaondoka, itatundikwa ukutani. Isipotoka, filamu inatupwa na hakuna kununiana.

Dawa ya kusafishia picha binti huchanganya mwenyewe, kwenye jagi lisiloruhusiwa kugusa chakula. Akaanza na metoli, unga unaoitoa picha, katika maji ya vuguvugu, maana ikitanguliwa na salfaiti hugoma kuyeyuka. Ikafuata salfaiti, chumvi inayozuia dawa isiharibike. Mwisho akatia magadi ya kufulia, ambayo ndiyo huiamsha dawa, jambo alilowahi kumweleza mama kwa kirefu, masikini, bila kuulizwa. Ili kuijaribu dawa, akachovya ncha ya filamu isiyo na picha, iliyokwisha kupigwa na mwanga, aione ikigeuka nyeusi. Ncha haikugeuka.

Akaisugua dawa kati ya vidole. Haikuteleza hata kidogo, na magadi ya kufulia huteleza kama sabuni. Akafungua kopo la magadi, akautazama ule unga laini, akaelewa. Yalikuwa magadi ya keki.

"Mama, nani kagusa kopo langu la magadi?"

"Nilikufulia mashuka, mwanangu," mama akajibu kutoka sebuleni, kwa sauti tamu kupita kiasi. "Magadi yakaisha, nikakujazia mengine. Kwani magadi si magadi?"

Duka la magadi ya kufulia lilikuwa ng'ambo ya mji, na begi la mama lilibakia kufungwa zipu tu. Binti alikuwa anaitaka picha ile kuliko zote alizowahi kupiga. Akasimama akilitazama kopo, kisha akakumbuka kwamba magadi ya keki yakipata moto mkali wa kutosha hugeuka ya kufulia. Akabandika kikaango jikoni.

Mama akaja mpaka mlangoni. "Unakaanga magadi."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuwa nawaambia watu nimezaa mtoto mwenye akili."

Unga ukaanza kufurukuta na kurukaruka. Binti akaukoroga pembeni pembeni, kwa woga. Mama akavumilia, akavumilia, uvumilivu ukamwishia. Mwanamke aliyepika maisha yake yote hawezi kutazama kikaango kikionewa.

"Unakoroga kama unabembeleza mtoto. Hebu toka hapo."

Akamnyang'anya mwiko, akageuza kutoka chini, akaongeza moto, mpaka unga ukatulia tuli.

"Haya, yameiva," akasema, ameridhika na kazi yake. "Ya nini sasa?"

"Ya kusafishia ile picha yako."

Mama akautazama mwiko kama vile umemsaliti.

Binti akamwaga ile dawa ya kwanza, akachanganya nyingine. Safari hii ikateleza vidoleni, na ncha ya filamu ikawa nyeusi ti. Baadaye, alipokwisha kuisafisha filamu gizani, akamletea mama bado inachuruzika maji. Mama akaishika kingo kwa mikono miwili, akaiinua dirishani. Kwenye filamu kila kitu huwa kinyume, cheupe huwa cheusi na giza huwa mwanga: meno meusi, na katikati yake pengo linang'aa peke yake.

"Meno yote giza," mama akasema polepole. "Lisilokuwepo ndilo limewasha taa."

Akacheka mpaka mabega yakamtikisika, na mikono ilikuwa imeshika filamu. Binti akauona mdomo wa mama yake wote, wazi, karibu, na machozi yakamlenga kwa furaha.

"Utaitundika wapi?" mama akauliza.

"Sebuleni."

"Basi iwe kubwa. Na wageni wakiuliza, uwaambie magadi nilikaanga mimi."