Nyumba ya Doto, Umeme Wangu

Jenereta haikuwa mahali pake. Chini ya turubai langu palibaki kigoda, doa la mafuta, na ile nondo ya shaba ikiwa bado imesimama ardhini, waya wake wa ethi umefunguliwa na kutupwa kwenye tope. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza inakatika. Nilikuwa nimebeba galoni la petroli, na mngurumo wa mashine yangu niliusikia vizuri, ila ulitoka upande usiofaa. Ulitoka nyuma ya nyumba ya Doto.

Nilichowaza kwanza sikifichi. Nilijisemea: ameshachukua na hii.

Doto ni pacha wangu. Kwetu Usukumani pacha anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto, kwa hiyo jina langu lenyewe linatangaza kuwa mimi ndiye mkubwa. Lakini nenda Isaka uulize mama yetu anaitwaje. Utaambiwa Mama Doto. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini, na nimeuliza.

Mama alitulea kwa sheria moja, kwamba pacha hawapunjani. Anachopewa mmoja apewe na mwenzake, la sivyo aliyekosa ataugua. Alikuwa akinunua doti ya khanga, anaikata katikati, kila mmoja anapata kipande chake chenye maneno yale yale. Mimi nilivitandika vipande hivyo kitandani sambamba na kuvikagua, na kila mara niliona pindo la Doto limenyooka kuliko langu.

Baba yetu, Mzee Sabiti, alikuwa mpakiaji mizigo katika bandari kavu ya Isaka. Mwaka aliostaafu, watafiti fulani wa madini walikuwa wanafunga kambi yao na kuuza vyombo. Baba alirudi na vitu viwili: karavani, yaani nyumba ya bati jeupe inayovutwa na gari, yenye kitanda, sinki na mapazia ya maua, na jenereta ndogo ya kubebeka. Akatuita uani. Mama akamkumbusha sheria. Baba akavizunguka vile vitu, akakuna kichwa, kisha akatoa hukumu: Doto achukue nyumba, Kulwa achukue umeme.

Mama aliridhika kabisa. Mimi nilitazama mapazia.

"Hapo hamuwezi kuachana," Baba akasema. "Nyumba bila umeme ni banda. Umeme bila nyumba ni makelele."

Alisema hivyo ili kunifariji, na mimi nikashika neno moja tu, makelele. Mwenzangu kapewa mapazia, mimi nimepewa makelele.

Rashi ilipofumuka nyuma ya Geita, watu wakamiminika kutoka kila pembe kufuata dhahabu, nasi tukaenda. Doto alifungua saluni ndani ya karavani. Mama ntilie, wake za wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wasichana wa vibanda vya simu, wote walimfuata, kwa maana ana mkono mwepesi. Anakusuka huku unasinzia. Mimi nilikaa nje, mwisho wa waya, nikinuka petroli.

Kazi yangu nilifundishwa na fundi mmoja wa Kahama, na ina masharti yake. Jenereta inakaa mbali na nyumba. Waya unakunjuliwa wote mpaka mwisho, kwa sababu waya uliojikunja unapata joto ndani kwa ndani kama mtu mwenye kinyongo. Ekzosi, bomba la moshi, inatazama kule upepo unakokwenda. Nondo inapigwa chini, waya wa ethi unafungwa, ili umeme ukipotea njia ushuke ardhini usimpitie mtu. Hayo yakiisha, kila asubuhi napaza sauti: "Zima zote." Doto anazima kila kitu ndani mpaka swichi kuu, ananijibu: "Zimezima." Ndipo navuta kamba. Mashine inakohoa, inagoma. Navuta tena, inagoma. Ikishanichosha ndiyo inakubali. Naiacha ipumue kidogo, nachomeka plagi ya karavani, na Doto anawasha kimoja kimoja: taa, friji, na draya mwisho kabisa.

Siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote.

Nilimwonea wivu. Siyo ule wa kupita. Ni ule wa kulala nao na kuamka nao. Nilimwonea wivu kwa kioo chake, kwa kicheko kilichotoka dirishani, kwa wateja waliofumba macho mikononi mwake na mimi sina hata mmoja anayekuja kwangu kufumba macho. Alikuwepo mchimbaji mmoja, Ignas, mtu mrefu mwenye aibu, aliyekuja karibu kila siku chini ya turubai langu kuuliza kama umeme upo, kana kwamba hausikii. Nilijua anatafuta pa kusimama ili amchungulie Doto.

Asubuhi ile anga ilikuwa nzito. Philomena, binti wa mwenye mgahawa, alikuwa anaolewa jioni, na nywele zake alizileta kwa Doto. Doto akataka jenereta isogezwe jirani na ukuta, isije ikalowa. Nikamwambia haisogei, turubai linatosha. Akanijibu kwamba naiweka mbali makusudi, ili kila mtu apite kwangu kwanza. Nilicheka, maana niliona ni wazimu. Nikachukua galoni nikaenda kutafuta petroli, mashine nimeiacha imezimwa.

Kumbe nyuma yangu mvua ikaja. Naye akaivuta hadi chini ya dirisha la nyuma, pale bati linapotokeza kidogo, akaiwasha.

Nilipozunguka karavani niliona kila sharti langu limevunjwa. Waya umerundikwa kama utumbo wa mbuzi, ekzosi inapumulia moshi kwenye tundu la hewa la karavani, na madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya mvua. Nilimwita Doto ili tugombane. Hakujibu. Nikamwita tena, na ugomvi ukaniishia mdomoni.

Nilizima mashine, nikafungua mlango kwa teke.

Philomena alikuwa kitini, shingo imelegea, nusu ya kichwa imesukwa. Doto alikuwa chini karibu na sinki, chanuo bado lipo mkononi. Nilimtoa Philomena kwanza kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Nalisema hili kwa kuwa baadaye kuna watu waliuliza. Kisha nikamrudia Doto, nikamshika makwapani, nikamburuta, na alikuwa mzito kama mimi, kwa vile sisi ni wamoja hata kwa uzito.

Philomena alipigwa na hewa akaanza kutapika, baadaye kulia, na tukajua atapona. Doto hakufanya lolote kati ya hayo. Ignas alikuja mbio na gari la kubebea mawe, tukampakia. Njia nzima nilimpakata kichwa na kumwita kwa jina lake, jina ambalo watu wamempa mama yangu na kuninyima mimi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilikuwa nimetamani kila kitu chake, lakini sikuwahi kutamani asiwepo.

Kwenye kituo cha afya, nesi Rebeka alimfunika pua na mdomo kwa kifaa cha oksijeni. Doto alifumbua macho usiku ukiwa haujaingia. Kesho yake Mama akafika kutoka Isaka, vumbi la safari bado lipo kwenye mtandio. Tukampa shikamoo, mimi kwa sauti, Doto kwa macho. Hakuitikia. Alimtazama Doto mwenye kile kifaa usoni, kisha akanitazama mimi niliyekaa pembeni bila chochote.

"Na huyu?" akamuuliza nesi.

Nesi akamweleza kwamba mimi siumwi.

"Hawa ni pacha," Mama akasema. "Mmoja hatibiwi mwenzake akitazama."

Nesi Rebeka ni mtoto wa huku huku. Alijua mabishano hayo hayana mwisho. Doto alikuwa ameshaweza kupumua mwenyewe kwa kitambo. Basi akakivua kifaa, akakifuta vizuri, akanivika mimi. "Wabheja," Mama akamshukuru, na hapo ndipo alipokubali kuketi. Hewa ilikuwa ya baridi, inanukia plastiki mpya. Nilijikuta nikijiuliza kama Doto alipewa nyingi zaidi.

Sasa mdomo uliokuwa wazi ni wa Doto.

"Nilitaka nami niwashe," akasema, anatazama dari. "Kila anayekuja anaanzia kwako. Kulwa, umeme upo? Hakuna anayeuliza kama mimi nipo. Ignas anapita mlangoni kwangu hata shingo hageuzi, anakuja kukaa na wewe. Mimi Baba alinipa sanduku. Wewe alikupa kitu chenye sauti."

Najua ilinipasa kusikitika, au kumshika mkono. Ukweli ni kwamba nilifurahi, furaha ambayo khanga zote za utotoni hazikuwahi kunipa. Nililala pale nikivuta hewa ya bure na kurudia moyoni: ananionea wivu. Mama akatutazama wote wawili, akaona tumepata sawasawa, akasinzia.

Tulirudi machimboni jua likiwaka. Philomena alikuwa ameahirishiwa harusi, na alikuja kumaliziwa ile nusu ya kichwa. Niliirudisha jenereta mahali pake, nikanyoosha waya wote, nikafunga ethi. Kisha nikamkabidhi Doto kamba, bila maneno mengi, nami nikaenda kuingia ndani ya karavani.

Nilizima kila kitu. Nikaketi kwenye kiti cha wateja, mapazia yakiwa wazi, na kwenye kioo uso ukanitazama, uso ambao ungeweza kuwa wake.

"Zima zote," akaita kutoka mbali.

"Zimezima."

Mashine ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Nilimsikia Ignas akipiga makofi. Kwangu mimi, hata siku moja, haijawahi kuwaka kwa mvuto wa kwanza.