Kompresa Aliyokuja Nayo Rahabu

Guta la magurudumu matatu lilisimama mbele ya ua wetu Jumatano asubuhi, na juu ya mzigo alikuwa amekaa mwanamke tusiyemjua. Alikuwa amekalia tangi jekundu lililofungwa kwa kamba za mpira, kanga imetandikwa juu yake kama tandiko la punda. Akashuka taratibu, akajikung'uta vumbi, akatusalimu kwa Kinyiramba. Sisi tukamjibu kwa Kinyaturu. Tukacheka wote, tukahamia Kiswahili.

"Hapa ndipo kwa fundi upepo?" akauliza.

Kaka yangu Peniel alinitazama. Jina hilo lilikuwa jipya. Siku chache kabla alikuwa ameleta nyumbani kompresa yake ya kwanza, mashine ya kubana upepo, na watu wa kwetu Mwankoko hawachelewi kumbatiza mtu.

"Ndipo," nikajibu mimi, maana mwenye cheo alikuwa bado anakitafakari. "Karibu dada, kaa kwanza."

Kwetu mgeni haulizwi shida yake akiwa na njaa. Nilimletea uji wa uwele, akanywa polepole huku Peniel akilizunguka lile tangi kama mnunuzi anayemzunguka ng'ombe mnadani. Alipomaliza kikombe ndipo akatueleza.

Aliitwa Rahabu. Alikuwa ametoka Iramba na kuhamia kwa mjomba wake, Mzee Abraham, upande wa pili wa kata yetu. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba kwa brashi. Sasa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani alikuwa amempa kazi ya kupuliza rangi madawati ya chuma kabla shule hazijafunguliwa.

"Amenipa hadi Ijumaa," alisema. "Mafundi wawili wa mjini walikuwepo aliponipa. Walicheka, mmoja akaniuliza kama nitapuliza kwa mdomo. Mwalimu akasema nisipomaliza Ijumaa, Jumamosi kazi ni yao. Na ikienda kwao, mdogo wangu, hapa sitapewa tena hata mlango wa choo."

"Na mashine?" Peniel akauliza.

"Mjomba aliinunua mnadani. Inawaka, inanguruma kidogo, inatoa moshi, inazima."

Peniel aliunganisha umeme. Kompresa ikanguruma. Baada ya muda mfupi akageuza shingo kuelekea jikoni.

"Beli, unakaanga nini?"

"Sikaangi kitu."

"Nasikia harufu ya maandazi."

Hata mimi niliisikia. Ilikuwa inatoka kwenye mashine.

Akazima, akachomoa waya ukutani, akaachia upepo wote uliokuwa ndani hadi mshale wa geji ukalala kwenye sifuri. Hapo tu ndipo alipogusa kifuniko cha mafuta. Alichovya kidole. Kilitoka kikiwa na kitu cha rangi ya kahawia, kinavutika kama asali ya Itigi.

"Dada Rahabu, humu mliweka mafuta gani?"

"Alizeti. Mjomba aliyaweka mwenyewe. Safi kabisa, ya msimu huu, na aliyachuja."

Nilijiuma mdomo nisicheke. Mkoa mzima huu wa Singida tunaishi kwa alizeti. Tunaipikia, tunajipaka miguuni, tunalainishia bawaba za milango. Mzee Abraham hakufanya ujinga ila alifanya Usingida. Peniel akampigia simu na kuiweka sauti kubwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imepona?"

"Bado mzee. Naambiwa mliijaza alizeti."

"Niliijaza. Hayo mafuta yenu ya kopo sijui yametoka wapi. Haya nayajua na shamba lake."

"Kwa mboga hayana mpinzani, mzee. Lakini ndani ya kompresa kuna moto mwingi. Yanaganda kama gundi, mengine yanaungua yanakuwa masizi kwenye vali. Yakizidi, hata bomba la kutolea upepo linaweza kushika moto."

"Basi mashine za siku hizi hazina shukrani," Mzee Abraham akasema. "Mimi yananiendesha tangu utotoni na sijatoa moshi."

Rahabu alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Peniel naye, kwa furaha ile ile, akasema neno ambalo mtu husema moyo ukiwa mwepesi.

"Usihofu, dada. Masizi yanatoka, nitaweka mafuta yake halisi. Ijumaa unapuliza rangi. Hilo nakuahidi."

Rahabu alimtazama kwa muda. Nadhani tangu ahamie huku hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo. "Nimeshika neno lako," akasema.

Mchana Peniel alikuwa amesafisha vali, na pampu ilizunguka vizuri kwa mkono. Akalala chini kufungua koki iliyo tumboni mwa tangi, ile ya kutolea maji. Upepo una unyevu. Ukibanwa, maji hubaki chini, na mtu asipoyatoa kila siku anapomaliza kazi, chuma huliwa kwa ndani. Koki ile haikuwa imeguswa pengine tangu itoke kiwandani. Ilipokubali, yalitoka maji mekundu kama ya korongo wakati wa masika, pamoja na magamba ya kutu.

Peniel akakaa kitako. Akaligonga tangi juu kwa mpini wa bisibisi, likalia kama kengele ya shule. Akaligonga chini. Lilitoa sauti ya boksi.

"Dada, naomba ruhusa nilibonyeze hapa kwa bisibisi."

"Bonyeza."

Hakutumia nguvu. Bisibisi ilipita kwenye rangi nyekundu mpya, ikapita kwenye chuma, ikazama kama kwenye papai lililoiva.

Rahabu alijishika nyuma ya gauni. "Na mimi nimelikalia kutoka kwa mjomba."

"Likiwa tupu halina neno. Likiwa limejaa upepo ndiyo balaa."

"Si utapiga welding tu? Kiraka kidogo hapo."

"Sipigi." Sauti yake ilikuwa ya upole lakini haikuwa na mlango. "Ingekuwa ndoo ningepiga. Hili likibanwa upepo linapasuka lote kwa mara moja, na vipande haviulizi nani mwenye mashine. Ukiwa umesimama kando yake, na watoto wa shule wanachungulia dirishani. Sipigi, dada."

Rahabu hakubishana. Aliikunja ile kanga mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa kipande kidogo mkononi. "Basi niende nikamwambie mwalimu mapema," alisema. "Afadhali niseme mwenyewe kuliko aje anione nimekaa."

"Nilikuahidi Ijumaa," Peniel akasema.

"Uliahidi hujaliona tangi. Sikudai."

Peniel aligeuka kutazama banda lake nyuma ya nyumba. Nilijua anatazama nini, na nilijua pia kwa nini anasita.

Kompresa yake ilikuwa humo, ndogo, haijafanya kazi hata moja. Kabla ya kuinunua alinichosha kwa maelezo. Wenye maduka mjini walimwonyesha yenye tangi kubwa, na yeye akawa anauliza pampu inatoa upepo kiasi gani kwa dakika, na bunduki ya kupulizia rangi inakula kiasi gani. "Tangi ni ghala," alikuwa akiniambia tukila. "Ghala kubwa halimfanyi mtu avune." Alikataa kubwa kwa sababu nyaya za nyumba yetu zisingeiweza injini yake. Akachagua ndogo yenye kibao kinachosema tangi linavumilia mgandamizo gani, yenye geji inayosomeka, na vali ya usalama inayoachia upepo yenyewe ukizidi. Kisha akatafuta bunduki inayolingana nayo.

Aliichagua kwa ajili ya kazi moja. Jenifa, anayeuza samani mjini, alikuwa ameagiza kabati na kitanda cha zawadi ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Seremala angevileta Alhamisi jioni, Ijumaa vipulizwe vanishi, jioni vichukuliwe. Jenifa alikuwa amesema, akiipenda kazi hiyo, samani zake zote zitapita mikononi mwa Peniel. Kaka yangu alikuwa amejenga maisha mazima juu ya kabati hilo, mpaka dirisha la duka lake alikuwa amelipanga.

"Dada Rahabu," akasema hatimaye, "kesho asubuhi njoo ujifunze mashine yangu."

Alhamisi alifika mapema, kichwa kimefungwa kitambaa. Peniel alimpa miwani ya kukinga macho na barakoa ya rangi kabla hajamwonyesha swichi. Alimfundisha kuvuta pete ya vali ya usalama kuona kama inaachia. Alimwonyesha kuweka mashine mbali, upande upepo unakotoka, isivute mvuke wa rangi, maana mvuke huo na cheche za swichi si marafiki.

"Na soketi ikiwa mbali?" Rahabu akauliza.

"Refusha mpira wa upepo, usirefushe waya. Waya mrefu mwembamba unapata moto na injini inanyong'onyea."

Alijifunza haraka. Mkono wake wa brashi ulikuwa umeshazoea kwenda sawa, na kwenye bati la majaribio rangi ilitua laini bila michirizi. Kisha, kwa furaha, akageuza bomba la upepo mtupu akaanza kupeperusha vumbi kwenye gauni lake, kama wafanyavyo watu wa mashine za kukamua alizeti wakitoka kazini wamejaa pumba.

Kompresa ikazima. Peniel alikuwa amesimama kwenye swichi.

"Hapana, dada. Upepo huu unapenya ngozi. Ukiingia mwilini hautoki kwa kujikuna. Usijielekezee, usimwelekezee mtu, hata kwa utani."

"Mwalimu wangu wa kipaimara hakuwa mkali hivi."

"Yeye alitunza roho yako tu. Mimi natunza macho, mapafu na ngozi."

Jioni seremala alileta kabati na kitanda. Peniel alivipiga msasa mpaka giza likaingia, kisha akampigia Jenifa akamweleza kila kitu bila kupamba. Aliomba apewe Jumamosi asubuhi.

"Peniel mdogo wangu, nakuelewa," Jenifa alisema. "Lakini sendofu haisubiri. Ijumaa jioni nisipopata, sina jinsi. Fikiria tena."

"Nitafikiria," akasema.

Sikulala vizuri mimi. Nilitaka kumwambia kwamba Rahabu mwenyewe alishamsamehe ahadi, kwamba hakuna ambaye angemlaumu. Asubuhi nilipotoka nje, nilimkuta anafunga kompresa yake kwenye guta kwa kamba za mpira, anakagua miguu midogo ya mashine kama imekaa sawa. Nikaenda kubeba ndoo ya rangi.

Madawati, ambayo Rahabu alikuwa ameyasugua kutu Alhamisi mchana, yalikuwa yamepangwa chini ya ukuta wa darasa. Mashine iliwekwa karibu na ofisi yenye soketi, mpira mrefu ukavuka uwanja. Ilikuwa ndogo kweli. Kila baada ya madawati machache Rahabu aliachia kidole, tukangoja mshale wa geji upande tena juu. Wale mafundi wawili wa mjini walipita, wakasimama kwenye lango.

"Hicho kidude kitamaliza mwakani," mmoja akasema.

"Mwakani nitakuwa napuliza geti lako," Rahabu akamjibu bila kuinua uso. Mwalimu mkuu alicheka, nao wakacheka pia, wakaondoka.

Saa tisa ujumbe wa Jenifa ukaingia. Vijana wake walikuwa wamekuja nyumbani, wamekuta kabati na kitanda bado havijapulizwa, wakavichukua kupeleka kwa fundi mwingine. Kazi zinazofuata alishakubaliana na huyo. Aliandika kwa heshima, akamtakia kaka yangu kheri.

Peniel alinipa simu niusome. Alisimama kidogo, mikono kiunoni, akitazama mpira wa upepo ulivyolala uwanjani. Kisha akainama kuangalia geji.

"Imejaa, dada," akaita. "Endelea."

Rahabu alishusha miwani yake machoni, akapiga hatua moja mbele, akapuliza dawati lililofuata.