Mlango wa Mzee Magese

Wilhelmina alikuwa amehamishwa mara nne katika miaka kumi na mmoja ya kupanga Bariadi, na mara zote nne habari ilianza kwa kugongewa mlango. Mwenye nyumba wa kwanza aligonga kwa kidole kimoja, kwa adabu, akasema mwanawe anaoa. Wa pili aligonga kwa kiganja. Wa tatu alimtuma mkewe. Wa nne aligonga kwa funguo, mwezi wa Machi mwaka tisini na sita, akasema vyumba vyake viwili anavitaka ifikapo mwisho wa Mei, maana amepata mnunuzi wa pamba kutoka Mwanza atakayelipa kodi mara tatu. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amepata mteja tu, na miaka ile kila mwenye kuta nne na bati juu alikuwa akipata mteja.

Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, mji ulijaa vijana wenye kalamu mifukoni na pikapu zenye vumbi la wilaya tatu. Wakati huohuo chama cha ushirika, kilichokuwa baba na mama wa kila mkulima, kilianza kupunguza watu wake. Wageni wakitafuta pa kulala, wenyeji wakitafuta pa kwenda. Katikati yao alikaa Wilhelmina na meza yake ya dagaa wa Lamadi, mjane mwenye watoto wawili, akiwa na laki tisa alizozikusanya gunia kwa gunia. Alikuwa amejiapiza kwamba mara ya tano haitakuwepo. Wanawe walishaanza kushtuka kila mlango unapobishwa, na yeye mwenyewe hakuwa amepona ugonjwa huo. Hodi ikipigwa, moyo wake ulitangulia kufunga virago.

Habari za nyumba alizipata kwa Rhoda, mteja wake wa siku nyingi. Jirani yake Rhoda, Mzee Magese, alikuwa anauza ili arudi kwao Nassa. Mzee huyo alikuwa mpima pamba wa chama kwa miaka ishirini na sita, na sasa alikuwa amepunguzwa.

"Ila ana masharti yake," Rhoda alisema, akichagua dagaa kana kwamba anawapanga kwa ukoo. "Hataki kubishana. Anayetaka aje, aangalie, ataje bei yake mara moja, basi. Jumapili baada ya ibada atachagua."

Wilhelmina alimpelekea habari hiyo Shigela, mdogo wa marehemu mumewe. Shigela alikuwa dalali wa ng'ombe, na machoni pake dunia nzima ilikuwa mnada uliokosa uzio tu. Alicheka hadi akashika kiuno.

"Shemeji, wote husema hivyo! Hata mwenye ng'ombe kilema husema bei ni moja. Sasa nisikilize. Usisifie kitu. Ukimsifia mtu ng'ombe wake, anamwongezea pembe. Taja kasoro: jicho, mguu, meno. Halafu taja bei ya chini kabisa. Ataruka, wewe utaondoka, naye atakuita. Akishakuita ndipo biashara inaanza."

Ushauri huo haukuwa mbaya. Umewanunulia watu ng'ombe wengi Sukumani, na umewaozesha mabinti wengi pia. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba Mzee Magese hakuwa anauza ng'ombe.

Alhamisi Wilhelmina alikwenda. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, jiko la nje, na ua uliofagiliwa vizuri. Mlango wa mbele ulikuwa wa mninga, mnene, mwekundu. Ulikuwa umekaa upande kidogo, na kwa miaka mingi ulikuwa ukikwaruza sakafu kila unapofunguliwa, hata saruji ikachorwa mstari wa kupinda, robo ya duara. Wilhelmina aliipenda nyumba tangu langoni, akaipenda kwa namna inayouma. Akakumbuka mafunzo, akakunja uso.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Karibu, mama, uangalie."

Akaangalia, na kila alichokiangalia akakitia ila. Bati lina kutu. Ukuta una ufa. Jiko liko mbali. Mzee Magese alimfuata nyuma, mikono mgongoni. Wakarudi mlangoni, na Wilhelmina, aliyekwisha kunogewa, akaugonga ule mninga kwa kifundo cha kidole.

"Na huu nao ni mzito bure, tena umekaa upande. Aliyeutengeneza alikuwa hajajua kazi. Itabidi kuung'oa."

Mzee aliutazama mlango kwa muda. Kisha akauliza, "Bei yako?"

"Laki sita."

Akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaandika kwenye kipande cha karatasi. "Wabeja, mayu, asante. Nimesikia."

"Hata hujaniambia wewe unataka ngapi, baba."

"Nimeshasikia yako."

Wilhelmina akaondoka kama alivyofundishwa, polepole, ili aitwe. Langoni aliinama akaweka sawa ukanda wa kandambili ambao haukuwa umechomoka. Alisimama akaangalia mawingu. Hakuitwa. Alipogeuka kwa siri, mzee alikuwa ameshaingia ndani, na mlango ulikuwa unakwaruza sakafu ukifungwa.

Akaingia kwa Rhoda kusubiri kidogo, pengine atatumiwa mtu. Rhoda alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka sufuria chini.

"Mama wee. Mlango umeusema hivyo?"

"Nimeusema."

"Ule mlango aliutengeneza Athanasi, mwanawe. Ndiyo kazi yake ya kwanza tangu aanze kujifunza useremala, ana miaka kumi na minane. Mwaka uliofuata homa ikamchukua. Mzee hajawahi kuruhusu fundi aurekebishe. Anasema ukikaa sawa hautakuwa wa Athanasi tena." Rhoda akashusha pumzi. "Na yule Method, wakala wa kampuni ya pamba, amepita jana. Ametaja milioni moja. Anataka iwe ghala."

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile Wilhelmina alitamani uwe nao. Aliona haya hadi masikio yakawaka moto. Nyumba ilikuwa imempotea, hilo lilimuuma. Lakini alilala akifikiria zaidi kile kifundo cha kidole chake kikigonga kazi ya mtoto wa mtu.

Shigela alipoambiwa hakutikisika. "Ongeza! Unazo tisa, kampe tisa. Lia kidogo. Wewe ni mjane, machozi unayo."

Jumamosi asubuhi akarudi. Alimkuta Mzee Magese amekaa kizingitini, akipunga upepo kwa kofia.

"Baba, bei niliyotaja haikuwa bei yangu. Nina laki tisa. Nilizificha."

"Najua ulificha," mzee alisema, bila hasira. "Watu wamenifichia mawe kwenye magunia ya pamba miaka ishirini na sita. Ila mayu, mzani husomwa mara moja. Mshale ukishasimama nikaandika, nimeandika. Nikimruhusu mmoja aongeze baadaye, nitamwambia nini aliyetangulia? Ndiyo maana wakulima walikuwa wanaleta pamba kwangu wakalala usingizi. Chama kimekufa, lakini mimi bado sijafa."

Hapo ndipo palipokuwa mwisho wa mafunzo ya Shigela. Wilhelmina hakulia. Alisimama uani na laki tisa zisizo na kazi zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge, akasema jambo lililobaki.

"Basi nimekuja kwa jambo lingine pia. Nimeutukana mlango wa mwanao. Sikujua ni wake, lakini hata ungekuwa wa mtu mwingine, nilikuwa naongea uongo. Unisamehe."

Mzee aliitikia kwa kichwa, taratibu. Biashara ilikuwa imekwisha. Wilhelmina alianza kuaga, na macho yake yakaanguka kwenye ule mstari wa kupinda juu ya saruji. Ndipo akamkumbuka Shigela tena, lakini sehemu nyingine ya kazi yake, ile ambayo Shigela hakuwa ameona haja ya kumfundisha mtu.

"Baba, shemeji yangu ni dalali mnadani. Kila ng'ombe akiuzwa, mwenyewe hufungua kamba yake akarudi nayo nyumbani. Mnunuzi huja na ya kwake."

"Ndivyo ilivyo. Ng'ombe huuzwa. Kamba haiuzwi."

"Basi bei yangu iache palepale kwenye karatasi yako. Siongezi. Lakini mimi nanunua nyumba bila kamba." Akauwekea mlango kiganja, safari hii kwa upole. "Huu ondoka nao."

Kuku alipita uani, akakatiza kati yao, akaenda zake.

"Nyumba bila mlango?"

"Bila mlango."

"Katika mji huu, na wezi wake?"

"Katika mji huuhuu."

Mzee Magese alivaa kofia yake, akaivua tena. "Jumatano nilimwambia yule kijana Method kwamba ningependa kubaki na mlango," alisema. "Akaniambia mninga siku hizi ni adimu, mlango ubaki, nitaje tu bei yake aniongezee. Nikamjibu kwamba mzani wa kuupimia huo sina." Akainuka kizingitini. "Nenda, mayu. Kesho ni Jumapili."

Jumapili saa nane mchana mlango wa chumba cha kupanga uligongwa. Watoto walitazamana. Moyo wa Wilhelmina ukaruka kama ulivyozoea, akauliza "Nani?" kwa sauti ya mtu anayetumaini kuwa hayupo. Alikuwa Mzee Magese, na nyuma yake Masele, mjumbe wa nyumba kumi, akiwa na daftari kwapani.

"Andika," Mzee Magese alimwambia Masele walipokwisha kukaa juu ya vigoda. "Laki sita. Nyumba, jiko na ua. Mlango wa mbele haumo."

Masele aliinua kalamu. "Sita, mzee? Mbona nimesikia kuna mtu ametaja…"

"Andika, Masele."

Wilhelmina alifungua pindo la kitenge akahesabu, na alipofika laki ya sita mkono wake uliendelea wenyewe. Mzee akausukuma nyuma kwa ncha ya kofia, kama mtu anayerudisha gunia lisilo la siku hiyo. Machozi ambayo Shigela alitaka yaje Jumamosi yalikuja hapo, bila faida yoyote ya kibiashara.

Mji ulisema mzee amepotewa na akili. Laki nne ni laki nne, na mtu aliyepunguzwa kazini hana za kuchezea. Huenda mji ulisema kweli. Method hakukasirika, alinunua nyumba nyingine wiki ileile, mitaa miwili mbele, akaijaza pamba.

Mzee aliondoka mwishoni mwa Mei. Wilhelmina alimwombea nafasi kwenye lori lililokuwa linamletea dagaa, maana lilirudi Lamadi tupu, na dereva akakubali kumfikisha Nassa. Shigela alikuja kusaidia kufungua bawaba. Aliufungua ule mlango akinung'unika kwamba mninga kama ule ungepata bei nzuri hata kwa macho ya kipofu, kisha akaona uso wa mzee, akafunga mdomo, jambo ambalo mnadani hakuna aliyewahi kulishuhudia. Wakauvika magunia, wakaulaza nyuma ya lori. Dereva alimpisha mzee kiti cha mbele. Mzee akashukuru, akapanda nyuma, akakaa karibu na mlango wake huku ameushika kwa mkono mmoja, na lori likashika barabara ya Lamadi.

Siku hiyohiyo Wilhelmina alihamia. Alishona magunia mawili ya pamba, akayatundika pale palipokuwa na mlango. Shigela alizunguka nyumba akihesabu wezi wote anaowajua kwa majina.

"Laki tatu unazo, shemeji. Kesho asubuhi nakupeleka kwa fundi, anakuwekea mlango wa chuma, komeo mbili."

"Nitaweka," Wilhelmina alisema. "Si kesho."

"Unangoja nini?"

Alinyoosha pindo la gunia. Hakuwa na hakika kwamba angeweza kulieleza jambo lile kwa dalali.

Asubuhi iliyofuata alikuwa amepiga magoti sebuleni akiosha sakafu. Ule mstari wa kupinda haukutoka kwa maji wala kwa mchanga, na hakuusugua sana. Nje zikasikika nyayo za mtu zikija uani, zikafika kizingitini, zikasimama. Watoto waliacha uji, wakamtazama mama yao. Aliyekuja alisita, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kugonga.

"Hodi!" sauti ikaita nyuma ya magunia. Ilikuwa sauti ya Rhoda, au pengine ya mwanamke mwingine yeyote wa mtaa ule. Wilhelmina hakusimama. Hakuuliza ni nani. Alikamua tambara, akaendelea kuosha.

"Karibu," akasema. "Pita."