Matanga ya Shukri Efendi

Asubuhi ile Bahiga aliamka akakuta watu wamejaa mlangoni, wamekuja kumlilia.

Si yeye kwa sura, ila Shukri Efendi, jina la kiume alilojibandika ili aandike gazetini. Kairo nzima ilimpenda Shukri, mpaka siku alipoandika kwamba mke naye ashike ufunguo wa nyumba. Wanaume wakaapa kuchoma mtambo wa kuchapia. Mhariri, Labib Efendi, mwenye kuijua siri, akatoa tangazo lenye ukingo mweusi: Shukri amefariki. Na kwa vile tangazo la kifo lisilotaja nyumba ya matanga ni aibu tupu, akataja nyumba ya Bahiga.

Kufika adhuhuri turubai limeziba kichochoro, msomaji wa Kurani yuko kitini, kahawa chungu inazunguka. Waliaji wa kukodiwa wanajipiga vifua: "Ole wetu, masharubu yale!"

"Alhamisi tu nimekula naye njiwa!" akasema muuza tarabushi, na machozi yalikuwa ya kweli.

Labib akamnong'oneza Bahiga kupitia pazia la upande wa wanawake, "Nimemzika vizuri, binti yangu. Sasa tulia. Makala basi."

Damu ikamchemka. Akasukuma pazia, akasimama mbele ya wanaume. "Shukri ni mimi!"

"Maskini, msiba umempanda kichwani." Wakamnyunyizia maji ya maua ya mchungwa. "Kwani wewe ni nani wake?"

Bahiga akaona hapa ukweli haununuliwi. "Mjane wake."

Palepale wakaamini, vichwa chini.

"Na ameusia makala zake zote zilizobaki zichapwe. Labib Efendi hataki."

Turubai zima likamgeukia Labib.

"Mlaaniwa we! Wosia wa maiti?" akafoka muuza tarabushi, ambaye juzi ndiye aliyeleta kiberiti. "Apa! Apa hapahapa!"

Labib akaapa, jasho likimchuruzika.

Shangazi Tafida akamvuta Bahiga jikoni. "Mjane bila harusi! Nani atakuoa sasa?"

"Shangazi, kwani Shukri alinisumbua nini? Ongeza kahawa, watu bado wanaingia."

Ijumaa ikatoka makala ya marehemu: mke ashike ufunguo, na mume akirudi abishe hodi. Muuza tarabushi akaisomea mkahawa mzima kwa sauti, akapangusa macho.

"Mnaona, jamaa? Tangu afe, amepata busara."