Mkanda Uliozikwa Pamoja na Baba

Siku baba yangu alipofariki, mashine yake ya kukerezea vyuma ilibaki ikizunguka. Alikuwa anatengeneza busha, kibomba kinachoshika mhimili wa mashine ya kusaga mahindi. Akaniambia, "Takyiwaa, isimamie, naenda kunawa," akatoka nyuma ya kibanda kwenye pipa la maji. Nilishika nafasi yake nikaendelea. Busha ilipoisha niliipima, nikaifuta mafuta, nikamwita aje aione. Hakuitika. Nilimkuta ameketi chini, ameegemea pipa, na mikono yake bado ina povu la sabuni.

Niliporudi ndani na watu, mashine ilikuwa ingali inazunguka, haina kitu kwenye taya zake. Atakora, mchomeleaji wa kibanda cha jirani, ndiye aliyeizima.

Hapa Suame, kwenye mtaa wetu wa wakerezaji, tuna desturi. Fundi akifa, mkanda wa mashine yake hutolewa, asije mtu akaifanyia kazi kabla mwenyewe hajazikwa. Mkanda hutundikwa mlangoni. Mteja akiuona huenda kwa mwingine. Baada ya mazishi unarudishwa mahali pake.

Mashine za wenzetu hutumia mikanda ya magari, ambayo hutoka na kurudi kwa kulegeza nati mbili. Ya baba ilikuwa ndogo na ya zamani. Mkanda wake ulikuwa bapa, umezunguka shafti, ule mhimili wa mashine, iliyofungiwa ndani ya chuma ncha zote mbili. Hautoki mpaka ung'oe shafti yenyewe, au uukate. Mafundi wakaukata. Hata mota waliilegeza wakaisogeza, kisu kipate pa kupita.

Siku ya mazishi, Atakora alikuwa na kitambaa chekundu cha msiba kichwani na pombe kali tumboni. Aliutoa mkanda mlangoni, akauviringa vizuri, akauweka ndani ya jeneza, miguuni pa baba.

"Nenda nao, ndugu yangu," alisema. "Huko usije ukaanza kuazima vya watu."

Watu walicheka huku wanalia. Hata mimi nilicheka. Hakuna aliyekumbuka kwamba mkanda ule baba aliutengeneza mwenyewe, na kwamba madukani hakuna wa namna yake.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mali ya mwanamume humwendea mtoto wa dada yake. Kwa hiyo mashine ilikuwa sasa ya binamu yangu Adomako, muuza mbao. Si mtu mbaya. Alikuja bado amevaa nguo nyeusi, akabonyeza swichi. Mota ilivuma peke yake.

"Mbona haizunguki?"

"Haina mkanda, kaka."

"Si ununue?"

"Hauuzwi."

Akakuna shingo. "Dada, siku ya arobaini wazee wa ukoo watakaa. Ikizunguka, nitasema ibaki hapa uifanyie kazi, na hakuna atakayenipinga. Isipozunguka, niwaambie nini? Watu wa chuma chakavu wameshaniulizia."

Nilikuwa nimesimama kwenye mashine ile tangu nimalize sekondari. Nyumbani kitanda cha baba kilikuwa kimeshatolewa nje na kupewa watu. Pale kibandani ndipo nilipokuwa bado nasikia jinsi anavyokohoa.

Nyuma ya mlango palikuwa na kipande cha mkanda mpana wa kiwanda cha mbao, ambacho baba alikiweka kwa siku ya shida. Kilikuwa kimepasukapasuka, nikapata ndani yake utepe mmoja tu mzima. Niliupitisha kwenye shafti, nikatoboa ncha zake, nikazishona kwa waya kama nilivyoona kwenye mashine za kukoboa mpunga. Mashine ikazunguka. Lakini kila mara kiungo kilipopita juu ya puli, gurudumu linalovuta mkanda, kiligonga, na chuma nilichokereza kilitoka na mawimbi.

Atakora alichungulia mlangoni. "Binti Nsiah! Unakereza au unatwanga fufu?"

"Niache, baba mdogo."

"Haya. Supu ikiiva uniite."

Nilizikata zile ncha zenye matundu. Utepe ukafupika. Safari hii nilifanya kama baba: nilizichonga ncha kwa mshazari mpaka kila moja ikawa nyembamba kama ulimi, nikazilaza moja juu ya nyingine kwa gundi, nikazibana kati ya mbao mbili hadi kesho yake. Haukugonga tena. Ila ulikuwa unakimbilia pembeni mwa puli, nikawa nausukuma kwa kijiti kila mara. Kabla ya saa ya chakula ulimi ukaanza kubanduka. Nilikuwa nimeulaza kinyume. Ncha inayogusa puli ndiyo iliyokuwa inatangulia, na kila mzunguko puli iliibandua kidogo, kama mtu anayemenya ndizi.

Nikakata tena. Sasa utepe haukufika.

"Endelea tu kukata," Atakora alisema akiwa mlangoni. "Mwisho utapata mkanda wa saa." Kisha aliniona uso, akaondoka bila kumalizia kicheko chake.

Nilikaa chini, karibu na mguu wa meza iliyobeba mashine na mota. Mkanda mwingine sikuwa nao, na arobaini ilikuwa imekaribia. Kilichobaki ni kuivuta mota ije karibu na mashine, lakini kiasi gani, na ikae vipi, sikujua. Waliokata mkanda waliisukuma tu ilimradi kisu kipite. Niliing'oa, nikakwangua mafuta yaliyoganda juu ya ubao wa meza.

Chini ya mafuta palikuwa na alama za mviringo. Zilikuwa alama za washa, visahani vinavyokaa chini ya bolti, zimekandamiza mti kwa mistari miwili iliyonyooka, moja nyuma ya nyingine hadi ukingoni. Nilizitazama muda mrefu kabla sijaelewa. Mkanda hulegea kadiri unavyotumika. Kila ulipolegea, baba aliirudisha mota nyuma kidogo akaikaza upya. Kazi yake yote ilikuwa pale kwenye ubao. Alama za ukingoni zilikuwa nyeusi, za juzi. Za mwanzo zilikuwa zimefifia, karibu kabisa na mashine, mahali mota ilipokaa mkanda ukiwa mpya na mimi sijazaliwa.

Nilipima kwa uzi. Utepe wangu ulifika kwenye alama za kwanza.

Niliifunga mota juu yake. Nikanyoosha uzi kutoka puli moja hadi nyingine, ukagusa kingo zote bila kuacha mwanya, nikajua kwa nini mkanda ulikuwa unakimbia: awali mota ilikuwa imekaa upande. Nikaunganisha upya, ulimi ukiwa unafuata nyuma, nikaiacha gundi ikauke hadi kesho yake mchana ingawa mikono ilikuwa inaniwasha.

Ulizunguka katikati ya puli. Haukugonga, haukukimbia.

Atakora aliisikia akaja. Aliinama akautazama mkanda.

"Mimi ndiye niliyeukata," alisema.

"Najua, baba mdogo."

"Na mimi ndiye niliyemzika nao. Mbona hukunitukana?"

"Kama angekuwepo, angecheka kuliko wote."

Alifunika uso kwa kiganja chake chenye makovu ya moto, akaenda kukaa kule nyuma, kwenye pipa.

Siku ya arobaini Adomako alikuja na wazee wawili. Nilikereza busha mbele yao. Mzee mmoja aliipitishia kidole, akauliza nani kaitengeneza mashine.

"Huyu," Adomako alisema, "mtoto wa mjomba."

"Basi ibaki," mzee akasema. "Ila andika jina la mwenye mali."

Walimwaga kinywaji chini, wakamtaja baba, wakaondoka. Jumatatu mchoraji alikuja na kopo la rangi nyeupe. Alilifuta jina la baba, Nsiah, mlangoni, akaandika Adomako.

Mimi ndiye ninayefungua kila asubuhi. Jana mkanda ulilegea kwa mara ya kwanza. Nimeirudisha mota nyuma, iko kwenye alama za pili.