Mkanda wa Mayai

Cheruto alipowasha gari pale Rongai, ile taa ya rangi ya machungwa kwenye dashibodi haikuwaka. Akazima, akawasha tena. Wapi. Nyuma, viti vilikuwa vimelazwa na trei za mayai ya kupeleka hotelini zimepangwa hadi karibu na paa. Mbele, bintiye Lynn, mtoto wa kunyonya, alikuwa amefungwa kwenye kiti chake kinachotazama nyuma, akitafuna soksi.

Taa hiyo ilikuwa na kazi yake. Elphas, fundi wa nyaya, alimwekea swichi ya kuzima airbag ya upande wa abiria, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. "Hii kitu ikiruka inagonga kiti ya mtoto, na inaruka na nguvu," alimwambia. "Mtoto akikaa hapa, zima. Mtu mkubwa akikaa, washa. Ukiona taa, jua imezimwa." Tangu hapo askari wa barabarani alimsimamisha kila asubuhi kwa sababu ya hiyo taa. Cheruto alieleza mpaka akachoka. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Alipapasa chini ya usukani. Swichi haikuwapo. Akampigia Muiruri, mwenye gari.

"Nilitoa hiyo kitu jana gari ikiwa kwangu," Muiruri alisema. "Polisi wamenisumbua vya kutosha. Sasa iko sawa, airbag inafanya kazi."

"Na mtoto, mzee?"

"Si umbebe mgongoni."

"Nikiendesha?"

"Mama Lynn, hiyo gari ni ya kazi. Ukiona ngumu, niletee funguo."

Jirani aliyekuwa akimlea Lynn alikuwa amekwenda Longonot kwenye kibarua cha mashamba ya maua. Hakuwa na mwingine.

Cheruto akashuka, akaanza kuteremsha trei. Joan, mwenye kuku waliotaga mayai hayo, alikuja na ndoo ya maji mkononi.

"Hoteli ya Free Area itakubali nusu?"

"Haitakubali."

"Na unashusha?"

"Nashusha."

Aliinua kiti kimoja cha nyuma, akamfunga Lynn hapo katika kiti chake. Trei chache akazipanga kwenye kiti cha mbele, akazipitishia mkanda.

Hakuwa amefika mbali, Kahiga wa hoteli akapiga simu. Cheruto akaegesha kando, akamwambia analeta nusu. Kahiga akasema kama ni nusu, kesho asijisumbue, amepata mtu wa kumletea zote.

Kwenye kizuizi, askari yule yule aliinama dirishani.

"Eeh, leo taa imezima. Si nilikwambia hii gari ilikuwa mbovu ukanibishia? Sasa iko sawa." Kisha akaona kiti cha mbele. "Mathe, mayai ndio umefunga mkanda?"

"Mwenye gari anataka airbag ifanye kazi, afande. Nimeiachia mayai."

Askari akacheka, akampungia mkono apite. Hakuuliza mtoto yuko wapi.